Mfuko wa Pumzi

Kazini walimwita Wembe, na jina hilo alilipenda sana mpaka lilipoanza kumkera. Usidhani alikuwa mkali. Mtu mwenyewe mpole, mwembamba, wa kuomba samahani hata anapokanyagwa yeye. Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya pili ya kituo cha redio, akikata kanda. Enzi hizo sauti ilikuwa kitu cha kushikika, utepe mwembamba wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu. Ukitaka kuondoa neno, unazungusha gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka unalipata neno linapoanza na linapoishia. Unakata kwa wembe, unatoa kipande, unaunga ncha mbili zilizobaki kwa gundi, basi. Msikilizaji nyumbani hajui kitu.

Na Wembe alijua kukata, tusimnyime haki yake. Kuna mheshimiwa mmoja aliingia studio na kigugumizi cha kuhurumiwa, jioni akasikika hewani anatiririka bila kukwama hata mara moja, mpaka mkewe akapiga simu kituoni kuuliza yule ni nani. Wembe alitoa vikohozi, alitoa mate yanayomezwa, alitoa zile "aaa" na "eee" ambazo watu hujazia wanapotafuta la kusema. Vipande alivyovikata alivitundika kwenye misumari ukutani, na kila jioni kabla hajafunga mlango alivikusanya akavitia kwenye pipa. Hiyo ilikuwa kanuni yake. Meza iwe tupu, pipa lijae, ndipo mtu aende nyumbani.

Sasa tuje kwa dada yake. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka sita, na mama yao alipokuwa hoi kitandani ni yeye aliyembeba Wembe mgongoni, akamfundisha kufunga vifungo, akampigania na watoto wa mtaa mpaka akarudi na jino pungufu. Wembe alipoanza kazi redioni, dada alikuwa anaendesha mashine ya kusokota nyuzi kwenye kiwanda cha nguo ng'ambo ya reli. Mashine ya pembeni yake ilikuwa ya rafiki yake, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo. Hao wawili, ukimwona mmoja, usijisumbue kumtafuta mwingine. Walikula pamoja, walisengenya pamoja, na msimamizi alipowakemea waliinamisha vichwa pamoja na kucheka chini chini.

Kiwanda kiliungua siku ya Jumanne, saa tisa alasiri. Moto ulianzia kwenye stoo ya pamba. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, eti kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakitorokea huko kabla ya saa za kutoka, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kula. Watu sitini na mmoja hawakutoka. Dada alipenya kwenye dirisha la choo, mikono yake yote miwili imebabuka mpaka viwikoni. Kidoti alikuwa nyuma yake, na yeye hakupenya.

Mji mzima ulipigwa na butwaa. Redioni mkuu wa vipindi akaamua kwamba Ijumaa, baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, waliookoka waseme wenyewe. Wembe, ambaye wakati huo alikuwa hajamaliza hata miaka miwili kazini, akapewa ile mashine ya kunasia sauti inayobebwa begani na kutumwa hospitali. Jumatano na Alhamisi alizunguka wodini, kitanda hadi kitanda, akanasa sauti za watu arobaini na watatu. Wa mwisho alikuwa dada yake. Alimwacha wa mwisho makusudi, kwa sababu alikuwa anaogopa.

"Anza tu, dada," alimwambia. "Mimi nipo."

Dada akaanza. Akaeleza moshi, akaeleza kufuli, akaeleza dirisha. Alipofika kwa Kidoti akalia, lakini hakunyamaza. Katikati ya kilio aliyasema maneno ambayo Kidoti alimwachia ampelekee mama yake. Hayakuwa mengi, sentensi moja tu. Na neno la mwisho likiwa bado mdomoni, huko nje kwenye korido muuguzi akaangusha beseni la bati. Pwaa! kwenye sakafu ya saruji. Mshale wa mashine, ule unaopima ukubwa wa sauti, ukaruka mpaka kwenye nyekundu.

Hebu fikiria. Mtu mwingine yeyote, dereva, muuza mkaa, hata mtu waliyekosana naye, angeinuka akamshika yule mwanamke bega. Wembe alitazama mshale.

"Rudia, dada," alisema. "Beseni limeharibu."

Dada alimtazama kidogo, kisha akarudia. Safari hii kilio kilikuwa kikubwa zaidi na sauti ikawa inapasuka kwenye kipaza sauti.

"Pole, dada. Rudia tena. Mara hii bila kulia, eh? Watu wasikie vizuri."

Mara ya tatu dada alisema yote akitazama dari, macho makavu, kama anasoma maelezo nyuma ya chupa ya dawa. Moshi, kufuli, dirisha. Dakika nne kamili. Kidoti hakutajwa. Wembe aligundua kwamba kuna kitu kimepungua, na hilo lazima lisemwe, maana baadaye alijaribu sana kujidanganya kuwa hakugundua. Aligundua. Lakini mshale ulikuwa umetulia mahali pake, na kipindi kilikuwa kesho yake.

Ijumaa kipindi kilikwenda hewani na kilikuwa safi, jamani, safi mno. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyekwama, hakuna aliyelia hata mmoja. Mkuu wa vipindi alimpiga Wembe mgongoni mbele ya watu, na mwisho wa mwaka akapewa cheti chenye fremu. Ila jioni ile ya Ijumaa alishindwa kufuata kanuni yake. Alisimama mbele ya misumari yenye vipande vya kipindi kile, pumzi za watu arobaini na watatu, na mkono ukakataa kuvipeleka kwenye pipa. Akavisokomeza kwenye mfuko wa nguo, akaenda nao nyumbani, akautupa juu ya kabati.

Dada alipotoka hospitali, Wembe alikwenda kumwona. "Shikamoo, dada." "Marahaba." Akasubiri lingine, hakikuja kitu. Alidhani ni maumivu ya mikono. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye sherehe ya binti wa Wembe kuhitimu, ilikuwa "Shikamoo, dada" na "Marahaba", halafu dada anageukia watu wengine na kucheka nao vizuri tu. Wembe alijua kosa lake, au alidhani analijua. Alimlazimisha mgonjwa kurudia mara tatu. Mara kadhaa alikwenda kuomba radhi kwa hilo, na kila mara dada alisema, "Yamepita," kwa sauti ile ile ya kusoma chupa ya dawa, na Wembe akaondoka akiwa amepungukiwa kuliko alivyokuja. Alimtaka dada yake. Aliyembeba mgongoni alikuwa anaishi mtaa wa tatu kutoka kwake, na alimkosa kama aliyekwenda ng'ambo bila anwani.

Kanda zilikufa, kompyuta zikaingia, Wembe akastaafu. Kituo kilikuwa kinatupa mashine zile za zamani, akaomba moja, akaiweka kwenye chumba cha nyuma cha nyumba aliyokuwa akiishi na binti yake. Siku moja, asubuhi tu, hana la kufanya, akaushusha ule mfuko.

Alicheza kipande kimoja kimoja. Humo mlikuwa na yale yote aliyokuwa analipwa kuyaondoa. Mtu anavuta pumzi kabla ya kutaja jina la mumewe. Mtu anameza mate. Mtu anafungua mdomo, anaufunga. Kitanda kinalalamika, feni inazunguka, kimya kinakaa sekunde tisa, kumi, kumi na moja. Wembe alikaa pale mpaka chai ikapoa, kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Badala ya kukata, akaunga. Pumzi ya huyu kwenye pumzi ya yule. Halafu akaupunguza mwendo wa mashine nusu, na pumzi zikawa ndefu na nzito, zikaingiliana, na kikohozi cha mzee mmoja kikawa mngurumo wa kitu kizito kinachoburutwa ghorofa ya juu. Hapakuwa na ngoma wala gitaa. Hakuna aliyeimba. Lakini ukikaa nayo, kitu kilikuwa kinapanda na kushuka humo ndani, na kifua chako kikaanza kukifuata bila wewe kujua.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuja kumgongea siku ya tatu. "Jirani, friji yako inakata roho. Mwite fundi mapema, nyama isije ikaharibika." Wembe alicheka, akamkaribisha asikilize, jirani akasikiliza dakika mbili, akasema bado anadhani ni friji.

Binti yake, anayefundisha kompyuta chuoni, ndiye aliyekipa kitu kile jina. "Baba, huu ni muziki," alisema, amesimama mlangoni na mkoba begani. "Kuna watu wanatunga hivi hivi. Sauti tupu, polepole, hakuna pa kuchezea. Wanakaa chini wanasikiliza maumivu yao."

"Wana akili timamu?"

"Wengi wao."

"Haya basi."

Alifanya kazi ile mwaka mzima na miezi, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu alikuwa anaamka na haraka. Ila mazoea ni mazoea. Baadhi ya vipande kwenye mfuko vilikuwa na maneno, na maneno yaligombana na pumzi. Ukisikia neno unasikiliza neno, pumzi inapotea. Akavitenga. Kati ya hivyo kulikuwa na kile cha dada yake, mara ya kwanza, chenye kilio na beseni. Alikizungusha kwa mkono mbele na nyuma, mbele na nyuma, akitafuta pa kukata. Sauti ilikuwa imepasuka vibaya. "Kichafu," akasema moyoni, kama alivyosema miaka yote. Akaacha ile pumzi ya kabla ya maneno, ndefu, nzuri, akaiunga kwenye dakika ya kumi na moja. Yaliyobaki aliyatia kwenye ndoo pamoja na vipande vingine vya maneno, na Jumamosi, walipokuwa wanachoma majani ya uani, akayachoma nayo. Mtu aliyeweza kusikia mbu akitua kwenye kipaza sauti hakusikia alichoambiwa.

Binti yake akaomba ukumbi wa maktaba, siku ya kumbukumbu ya moto, saa kumi alasiri. Miaka thelathini na mitatu ilikuwa imepita. Viti thelathini na tano, spika nne kwenye pembe nne. Ni yeye pia aliyekwenda kumwalika shangazi yake, maana Wembe alipiga moyo konde mara mbili na mara mbili akaishia kona ya mtaa. Aliporudi, Wembe alikuwa mlangoni.

"Anakuja?"

"Ameuliza kama sauti yake imo. Nimesema imo."

"Akasema nini?"

"Amesema atakuja, baba. Usinitolee macho hivyo."

Basi Wembe akanyoa, akavaa lile koti alilopokelea cheti. Alikuwa ameshajijengea picha yote. Dada atasikia pumzi yake mwenyewe, atajua kwamba mdogo wake hakuitupa, aliitunza, na mwisho atamwita kwa jina la utotoni ambalo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimwitia.

Watu walijaa, wengine wakasimama. Taa zikapunguzwa na sauti ikaanza. Dakika mbili za kwanza ilikuwa ni watu kukohoa na kusogeza viti, na kijana mmoja akauliza mwenzake itaanza saa ngapi. Kisha ukumbi ukatulia. Dakika ya tano mzee mmoja mstari wa mbele akainuka ghafla. "Huyo ni mke wangu," alisema kwa sauti. "Namjua anavyovuta pua." Alisimama mpaka pumzi ile ikapita, akakaa, na mtu asiyemjua akamshika mkono. Wembe aliona yote hayo lakini hakuyatazama. Alikuwa anamtazama dada yake, aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, mikono yenye makovu chini ya mkoba.

Dakika ya kumi na moja ikafika. Pumzi ya dada ikajaza ukumbi kutoka pembe zote nne. Dada akainua kichwa, akainama mbele, midomo imeachana kidogo, anasubiri. Kilichofuata kilikuwa pumzi ya mtu mwingine. Alisubiri bado. Ikaja nyingine, na nyingine, na Wembe akamwona akirudi nyuma polepole mpaka mgongo ukagusa kiti.

Ilipokwisha, dakika thelathini na nane, watu waliondoka kimya kimya, baadhi wakipitia kwa Wembe kumshika mkono bila neno. Binti yake akaanza kupanga viti. Dada alibaki amekaa. Wembe akamwendea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kidoti yuko wapi?"

"Yumo, dada. Dakika ya kumi na moja. Ile pumzi yako, ndiyo ile uliyovuta kabla ya kusema..."

"Pumzi yangu nimeisikia. Nimekuuliza Kidoti."

Dada akaufungua mkoba, akaufunga tena.

"Mama yake alikuja wodini," alisema. "Siku ile ile ya Alhamisi, wewe umeshaondoka na mashine yako. Asubuhi ya moto walikuwa wamegombana na mwanawe kwa ajili ya viatu. Viatu tu! Kidoti akatoka bila kuaga. Sasa mama anataka kujua, alisema nini, aliondoka na hasira? Mimi siwezi. Nikamwambia, mama, nimeshayasema mara mbili kwenye mashine ya redio, siwezi kuyasema tena, kesho saa saba sikiliza, utayasikia maneno ya mwanao."

Binti alikuwa ameacha kupanga viti.

"Akasikiliza," dada aliendelea. "Aliwaita majirani. Waliweka redio dirishani. Nilipotoka hospitali nikaenda kwake, nikajikaza, nikamwambia kwa mdomo wangu. Akasema, mwanangu, kama angeyasema kweli ungeyasema mbele ya watu. Unanihurumia tu. Nikaapa, akanipapasa kichwa. Miaka miwili baadaye akafa, haamini."

"Dada, mimi sikujua. Naapa sikujua."

"Hukuuliza. Umekuja mara ngapi kuniomba radhi, ukaniuliza hata siku moja maneno yale yalikwenda wapi?" Hakupaza sauti. "Unajua kibaya zaidi ni nini? Sasa hata mimi sina uhakika. Moshi ulikuwa mwingi. Labda hakusema kitu, labda niliyatunga ili nimpelekee mama yake chochote. Niliposikia umetunza zile kanda nikasema, leo nitajua. Kiko wapi hicho kipande?"

Wembe alitazama sakafu. "Nilikichoma," alisema. "Kilikuwa na kelele."

"Lini?"

"Mwaka huu."

Dada akauvuta mkoba karibu. Na hapo ndipo Wembe, kwa hofu, kwa mapenzi, kwa ujinga wa miaka thelathini na moja kazini, alipokosea tena.

"Tunaweza kurekebisha, dada. Mashine ninayo hapa hapa. Wewe kaa karibu na kipaza sauti, rudia tu..."

Neno lilimtoka kabla hajalidaka. Binti yake alifumba macho. Dada akainuka, akaweka mkoba begani, akamtazama mdogo wake kwa uchovu.

"Bado unataka nirudie," alisema, na akaenda zake.

Wiki tatu Wembe hakugusa mashine. Hakula vizuri, na binti yake alipojaribu kumfariji kwamba watu wengi waliguswa, alimwambia aache. Alijichukia. Alikumbuka cheti, akakitoa ukutani, akakiweka nyuma ya kabati, kisha akaona hata hilo ni mchezo wa kuigiza. Kipande kilikuwa majivu. Mama wa Kidoti alikuwa kaburini. Angekata hata kidole, kisingerudi kitu.

Ilimjia anapiga mswaki. Alisimama na povu mdomoni, maji yanatiririka bure. Kipande kimeungua, sawa. Lakini mtu hakati sauti bila kuisikiliza. Mara ngapi alikizungusha kile kipande kwa mkono, mbele na nyuma, kutafuta pa kuweka wembe? Mara ishirini ile Alhamisi. Mara nyingine ishirini mwaka huu. Duniani kote hapakuwa na mtu anayeijua sentensi ile kumzidi yeye. Alitema povu, akavaa shati, akatoka bila kuaga.

Alimkuta dada kwenye baraza ya nyumba yake, anakunja mashuka aliyoyaanua. Kwa mikono ile alikuwa anakunja polepole, akitumia kidevu kushikilia ncha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na mashine?"

"Sijaja na kitu."

Dada akaendelea kukunja. Wembe hakungoja kukaribishwa.

"Hukuyatunga," alisema. "Nilisikia. Ulisema, 'Kidoti akaniambia,' ukanyamaza, ukavuta pumzi mara mbili. Ukasema, 'Mwambie mama nilinuna.' Ukakohoa. Ukaanza upya, 'Mwambie mama nilinuna tu, sikukasirika.' Na kwenye 'sikukasirika' ndipo beseni likaanguka."

Shuka likasimama hewani.

"Beseni," dada alisema. "La bati."

"La bati. Lilifunika neno la mwisho, ndiyo maana nika..."

Dada akaketi kwenye ngazi, shuka mapajani, nusu limekunjwa nusu limemwagika chini. Alikaa hivyo anatazama barabara.

"Mama yake angekusadiki wewe," alisema. "Mtu wa redio, mwenye mashine begani. Ungekwenda tu ukamwambia, mama, nilisikia kwa masikio yangu. Angekusadiki."

"Najua."

"Alikuwa anakaa nyumba ya nne kutoka kwenye reli. Ulikuwa unapita pale kila siku kwenda kazini."

"Najua, dada. Najua."

Alikuwa analia sasa, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, amesimama mbele ya baraza mchana kweupe, mpita njia mmoja akageuza shingo. Dada hakumbembeleza. Alilivuta shuka kutoka chini, akalikung'uta vumbi, akaliweka pembeni ya ngazi, na pakapatikana nafasi ya mtu kukaa. Wembe akakaa.

"Rudia," dada alisema.

Wembe akatoa leso, akajifuta uso, akasafisha koo, kama alivyokuwa akiwaambia watu wafanye kabla hajabonyeza kitufe.

"Acha," dada alisema, akaishika ile leso kwa vidole vyake vilivyojikunja. "Usijifute. Sema hivyo hivyo."

Akarudia, na sauti ikampasuka mahali pale pale.